Mtoto Ametulia

Wajukuu zangu mnaosomea ukunga, wale mnaonipa shikamoo nimeitika marahaba, na wale mnaoniambia mambo mzee nawajibu poa, sina kinyongo. Nusu ya mkoa huu nimeipokea kwa mikono hii. Mlitoka mmefumba macho mnapiga kelele, hamna salamu ya mtu, na bado niliwapenda.

Mwalimu wenu ameniomba niandike habari za kazi yangu, ziwe fupi na ziwatie moyo. Ufupi nitajitahidi. La kutia moyo anisamehe. Katika kazi yetu uchungu una kanuni yake: unaanza, unakaza, mtoto anatoka, umekwisha, mama anaomba uji. Mimi nimestaafu na uchungu ambao njia yake haifunguki. Unamhusu mwanamke anayeitwa Leokadia, mtoto aliyekuwa tumboni mwake, na neno moja la Kiswahili. Neno lenyewe mimi nalijua, mama mkwe wake analijua, hata nesi kijana niliyefanya naye kazi analijua. Asiyelijua alikuwa yule tuliyeambiwa kwamba anajua kila kitu. Nitafika huko, ila mniache kwanza nipite kusalimia njiani.

Hospitali ya Sumbawanga niliingia kwa mlango wa ufagio. Waliponiambia nitafagia wodi ya wazazi nilifurahi, nikadhani nakwenda kukaa na wazee wanaokohoa na kusimulia hadithi. Nilipofungua mlango nikasikia kelele nilizozisikia, niliutupa ufagio na kukimbia hadi nikaanza kuona mapaa ya mtaa wa Chanji. Walinirudisha. Nikakaa, nikazoea, nikaanza kuona kwamba kazi ya mle ndani ni kubwa kuliko ufagio.

Jioni nikawa nakwenda masomo ya watu wazima pale shule ya Mazwi. Tulikalia madawati ya watoto wa darasa la kwanza, magoti yananigonga kidevu, na mwanangu mwenyewe asubuhi yake alikuwa amekalia dawati hilo hilo na kulichora bata. Hisabati nilifeli mara nyingi hadi mwalimu akawa ananiuliza habari za nyumbani kama shemeji yake. Mwishowe nikafaulu, nikaenda chuo cha uuguzi, nikarudi mkunga mwenye ndevu. Bibi mmoja aliponiona navaa glovu alimfunga binti yake kanga, akamshika mkono, akasema kwa adabu kabisa kwamba watarudi siku mkunga akiwepo.

Aliyenifanya mkunga ni Mama Perpetua, mkuu wetu wa wodi, mwanamke mfupi mwenye sauti ambayo ikianza Sumbawanga, Kipili kule ziwani wanageuka kutazama. Alinifundisha mambo ambayo hamtayaona kwenye mtihani. Kwamba baridi ya Ufipa inauma hata mawe, na ukimgusa mama kwa mkono wa baridi tumbo linajikunja kama konokono, unabaki kupapasa woga badala ya mtoto. Kwa hiyo pasha mikono kwenye jiko kwanza. Kwamba usimwulize mama kama miguu imevimba, mvue kandambili utazame alama ya mkanda. Kwamba ukisikiliza moyo wa mtoto kwa ile pembe yetu ya mbao, toa mkono, pembe ikae kwa uzito wa sikio lako tu, maana mkono wako nao una moyo wake unaokudanganya.

Na alinifundisha hilo neno.

Huku kwetu mtoto wa tumboni hatangaziwi ubaya. Mama hawezi kukaa mbele yako akasema mtoto wangu hachezi. Kusema hivyo ni kumfungulia mlango mgeni ambaye hajabisha hodi. Mama akija analalamika kwamba mtoto ni msumbufu, anapiga mateke, halali wala halazi, mpe pole kidogo umwache akapalilie ulezi wake. Lakini akija na macho chini, akasema kwa upole, tunamshukuru Mungu, mtoto ametulia, weka kikombe cha chai chini uinuke. Mama Perpetua hakuwa hata anakiweka. Nimemwona akikiachia hewani, naapa, na kikombe kikimsubiri.

Kwenu vijana najua neno hilo lina sifa. Mshikaji katulia, demu katulia, maana yake mambo safi. Shikeni hapo, tutarudi.

Msidhani mimi sikuwahi kuponzwa na maneno. Miaka ile familia za wafugaji kutoka kule kaskazini zilikuwa zimeanza kushuka huku na ng'ombe wao wengi, wengi hadi vumbi lilikuwa linafika juma moja kabla yao. Siku moja namzalisha mke wa mmoja wao, mama mwenye nguvu, kazi inakwenda vizuri, nami nimechangamka, nasema kwa sauti, sukuma, mama, sukuma, sukuma tena. Mlango ukafunguka. Mumewe kasimama na fimbo ya kuchungia, jasho linamtoka.

"Daktari," akasema taratibu, "Wasukuma tumewakosea nini? Tangu asubuhi tunatajwa humu ndani."

Mke ndiye aliyecheka, akacheka hadi mtoto akatoka kwa kicheko. Tangu siku hiyo, nikiona nje kuna mtu na fimbo, nasema tia nguvu, mama.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi, kwa kukosea na kusahihishwa na mtu aliyesimama mlangoni. Kisha likaja soko huria.

Lilichelewa kufika kwetu, maana barabara ya Tunduma wakati huo ilikuwa na mashimo ambayo lori likizama, utingo alioa humo humo akapata na watoto kabla halijatoka. Lakini lilifika. Likaja na mitumba, na redio, na sabuni za rangi ambazo upinde wa mvua haujazipata. Nasi wa hospitali likatuletea neno kuchangia. Zamani mama alikuja kujifungua na tumbo lake tu. Sasa akaja na tumbo na beseni, na ndani ya beseni glovu, wembe, pamba, uzi wa kufungia kitovu na mpira wa kutandika kitandani. Kikipungua kimoja, ndugu anatimuliwa mbio dukani, na mtoto huku ameshachungulia. Mbele ya geti vibanda vikaota kama uyoga, na mwenye kibanda akawa anamjua mjamzito wa kila mtaa kuliko sisi.

Nisiseme uongo, dawa zilionekana. Mwenye nacho alipata kipimo cha picha pale mjini, akarudi na picha ya mtoto inayofanana na mawingu, akaibandika sebuleni. Asiye nacho aliendelea kuzaa kama mama yake alivyozaa, tofauti ni beseni. Na soko huria halikufa, wajukuu zangu, msiambiwe ni habari za vitabuni. Linabadilisha nguo tu. Mara ya mwisho kuliona kazini lilikuwa limevaa kioo.

Wakati huo nilikuwa nimehamishiwa zahanati moja nje ya mji, kwenye njia inayokwenda kutelemkia Kipili, nikiwa na nesi mkunga kijana, binti wa hapa hapa, anaitwa Hapinesi. Wakaja watu wa mradi, wapole, na viatu ambavyo havikuwa vya tope, wakatuletea kishikwambi, kioo cha kushika mkononi. Ndani yake, walisema, kuna akili mnemba ya kuwaangalia wajawazito. Kinaongea, kinasikia, kinamwuliza mama maswali kwa Kiswahili, kinapokea vipimo, kisha kinatoa rangi. Kijani, mama aende nyumbani. Njano, arudi kesho. Nyekundu, hatari, na hapo kioo chenyewe kinamwita dereva wa gari la wagonjwa kutoka mjini.

Neno mnemba hakuna aliyelijua. Wanawake wakakaa kikao kwenye benchi wakaamua ni jina la mtu, nesi wa Pwani aliyejifungia ndani ya kioo, wakamwita Mama Mnemba. Sauti yake ilikuwa ya binti, nzuri, Kiswahili cha kumung'unya. Kasoro yake kubwa ya kwanza ilikuwa adabu. Inamwambia mama mkwe mwenye mvi, habari yako mama, badala ya shikamoo. Bibi mmoja alikaa anasubiri shikamoo yake, kioo nacho kinasubiri jibu, wakatunishiana misuli hivyo hadi betri ikaisha. Mwingine aliuliza Mama Mnemba mwenyewe amezaa wangapi. Kioo kikasema samahani, sijaelewa swali lako. Bibi akamgeukia Hapinesi, akasema basi hajazaa.

Tulicheka. Na nikikipa haki yake, kioo kilisaidia. Kuna mama wa bondeni, presha ilikuwa inapanda kidogo kidogo kila kliniki, mimi na Hapinesi tukiona ni uchovu wa kutembea. Kioo kilizikumbuka namba zote, kikazipanga, kikatoa nyekundu kabla kifafa cha mimba hakijamkuta njiani. Yuko hai, ana mtoto mnene anayeniogopa. Kwa hiyo msiseme mzee anachukia mashine. Mzee anachukia kitu kingine.

Kitu kingine ni hiki. Gari la wagonjwa lilikuwa limepewa mzabuni, na mkataba ukasema gari linatoka kwa nyekundu tu. Kabla ya hapo nilikuwa nampigia dereva, namwambia kuna mgonjwa, ananung'unika, lakini anakuja. Sasa alikuwa anaitwa na kioo. Mimi na ndevu zangu zote nikawa mtu wa kushika kioo ili mama aongee nacho vizuri.

Ndipo Leokadia.

Leokadia alikuwa mke wa Sikstus, kijana mfanyabiashara wa dagaa na samaki wa migebuka, anaifuata Kipili kwa pikipiki na kuiuza mjini. Mimba mbili za kwanza zilifika karibu na mwisho na watoto wakatoka kimya. Niliwapokea mimi wote wawili, nikasaidia kuwazika. Kwa hiyo hii ya tatu haikuwa mimba, ilikuwa kesi. Ukoo wa mume ulikuwa umeanza kunong'ona kuhusu kumrudisha kwao, na aliyekuwa anauzuia mnong'ono huo ni mama mkwe wake, Mama Sikstus. Mwanamke mkali, lakini alikuwa anamlinda mkwe wake kama kuku anavyolinda yai la mwisho. Mtoto huyu akitoka analia, Leokadia ana nyumba. Akitoka kimya, hata Mama Sikstus asingeweza tena. Kila mtu kijijini alilijua hilo, na kila kliniki Leokadia alikuja amejifunga kanga tatu, akiniita baba, akiniuliza kwa macho.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na njia imekuwa uji. Waliingia wote wawili wamelowa. Hapinesi akawasha kioo. Kikauliza, mama, mtoto anacheza vipi? Desturi ya huku mnaijua: mkwe akienda na mama mkwe, anayejibu ni mama mkwe.

"Tunamshukuru Mungu," Mama Sikstus akasema. "Ametulia."

Nilikuwa chumba cha pili. Nilimwona Hapinesi ameinuka, ananitazama kupitia mlango uliokuwa wazi. Na kabla hata sijafika, ile sauti ya Pwani ikasema hongera sana mama, mtoto wako anaendelea vizuri, endelea kula matunda na mboga za majani. Kijani.

Nilimlaza. Nikampapasa, nikaweka pembe, nikaweka sikio. Moyo ulikuwapo. Ulikuwa unakwenda kama mtu aliyebeba gunia anapanda mlima, anafika, lakini anafikiria kila hatua. Bado uko ndani ya namba ambazo kioo kinaziona ni nzuri. Hapinesi aliziingiza, rangi haikubadilika, na namba ikishaingia haifutiki. Nikamwuliza Mama Sikstus ametulia tangu lini. Akasema tangu jana, walipotoka shambani, na akatazama pembeni.

Mnajua wenyewe kilichotakiwa. Hospitali ya mjini, daktari, chumba cha upasuaji, na haraka.

Nikampigia dereva. Huyo naye msimchukie, watoto wake nimewazalisha. Akaniambia, "Mzee wangu, kwangu huku inasoma kijani. Nikiwasha gari kwa kijani, kesho natafuta kazi." Pikipiki ya Sikstus ilikuwa Kipili na mwenyewe. Bodaboda wa kijiji alikuwa amepeleka abiria mjini, simu yake inaita haipokelewi. Malori siku ya tope kama ile hayapiti.

Hapinesi, Mungu ambariki, akaamua kudanganya. Akakishika kioo, akakiambia kwa sauti nyembamba kwamba mtoto hachezi. Kikajibu kwamba taarifa ya hatari kinaipokea kwa mama aliyesajiliwa tu, na sauti hii haifanani na yake. Akajaribu tena amebana pua. Siku nyingine ningecheka nikadondoka.

Ikawa imebaki njia moja, na njia yenyewe ilikuwa kinywa cha Leokadia.

Nikavuta kigoda, nikakaa chini kuliko yeye. Nikamwambia, mwanangu, sema wewe mwenyewe. Sema mtoto hachezi.

"Baba, ametulia."

"Najua ametulia. Mimi nimeelewa. Huyu haelewi."

"Mwambie wewe."

"Nimemwambia. Mimi hanisikii."

Mama Sikstus akaingia kati yetu. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Wewe ulizika wawili wa mwanzo kwa mikono yako. Leo unataka mama yake amtangazie huyu kifo kwa kinywa chake, akiwa bado anasikia?"

Elimu yangu yote ya jioni, ya chuo na ya Mama Perpetua haikuwa na jibu hilo. Nilisema tu kwamba gari halitakuja bila maneno hayo.

Leokadia akaniuliza, "Nikisema, gari litakuja?"

"Litakuja."

"Na mtoto?"

"Gari litakuja, mwanangu."

Alisikia lile nililoacha kulisema. Kisha akachukua kanga ya juu, akaikunja, akaiweka tumboni, akaweka mkono wa kushoto juu yake akakandamiza, kama mtu anayemziba mtoto masikio watu wazima wanapozungumza. Kwa mkono wa kulia akapokea kioo. Akakisogeza mbali na tumbo, karibu kabisa na midomo.

"Mtoto wangu hachezi," akasema.

Kikamshukuru kwa taarifa. Kikawa chekundu. Dereva alipiga simu kabla sijainuka kwenye kigoda, akasema anakuja, na alikuja kweli, aliendesha kwenye tope lile kama anayeiba. Nilipanda naye. Njia nzima Leokadia hakuuondoa mkono wa kushoto pale alipouweka.

Walimpasua. Alikuwa mtoto wa kike, ana nywele nyingi, na moyo wake ulikuwa umeshasimama. Daktari, mtu mwema, alinivuta pembeni akasema kitovu kilijiviringisha shingoni, kwamba labda asubuhi mapema ingesaidia na labda isingesaidia, hawezi kuapa. Nilimshukuru. Hiyo labda ya kwanza ndiyo ninayolala nayo.

Ulipofika muda wa mradi kufanyiwa tathmini, tuliitwa mjini kwenye ukumbi, tukapewa soda na karanga. Wakaonyesha ukutani mambo yaliyofanikiwa. Nikaiona safari ya Leokadia, bila jina, imepangwa kwa mishale mizuri: mama ametoa taarifa, mfumo umetambua hatari, gari limefika kwa wakati, mama yuko salama. Watu wakapiga makofi. Mtu aliyekaa jirani yangu alipiga makofi huku ana karanga mkononi.

Nikasimama nikawaeleza lile neno. Msidhani walinidharau. Kijana mmoja wa mradi, mpole, alinifuata baadaye, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema mzee hili ni dhahabu, akaliandika. Na walitekeleza. Haikupita muda, ukimwambia kioo mtoto ametulia, kinakuwa chekundu kama pilipili.

Matokeo yake, wanawake wakagundua kwamba neno hilo sasa linaita gari, na gari linapeleka kwenye kisu. Nao wakaliacha. Hapinesi ananiambia siku hizi kijiji kimoja wanasema mtoto amejikunyata kwa baridi, kijiji cha pili, kile cha karibu na kigango cha kanisa, wanasema anasali. Mama anakaa mbele ya kioo, anasema mwanangu anasali, na kioo kinampongeza. Wataliandika na hilo, na wanawake watahama tena. Kitu kisichosemwa hakifundishiki kwa orodha ya maneno. Kinahama na watu wake kama wale wafugaji, ukifika kwenye boma unakuta majivu.

Kinachoniuma zaidi si hicho. Sikstus hakumrudisha mkewe kwao. Alisimama mbele ya ukoo wake akasema anayetaka kumfukuza Leokadia aanze na yeye. Kwa hiyo nyumba anayo. Lakini Leokadia anaamini, na hakuna padri wala nesi aliyeweza kumtoa hapo, kwamba mtoto alikuwa hai hadi alipomtangaza. Wawili wa kwanza walichukuliwa na Mungu. Huyu wa tatu alimtaja mwenyewe. Na aliyemwambia ataje ni mimi. Tukikutana sokoni anapita upande wa pili, bila hasira, kama unavyokwepa shimo unalolijua. Kioo yeye hakilaumu, kwa sababu kioo hakina uso, na watu hulaumu nyuso. Nikiulizwa leo ningemwambia tena aseme, maneno yale yale, kwenye kigoda kile kile. Hapo hakukuwa na njia ya pili. Ndiyo maana nimekasirika hivi, mzee mzima mwenye kuku na bustani.

Sasa sikilizeni, maana sikuandika yote haya ili mnionee huruma. Leokadia ana mimba tena. Anakuja zahanati ile ile, na mama mkwe wake. Kioo kinauliza mtoto anacheza vipi, na wote wawili wanakaa kimya. Si ametulia, si anasali, si chochote. Kinasema samahani mama, sijakusikia, kinarudia, kinarudia, kisha kinaweka rangi ya kijivu ambayo maana yake ni hakuna taarifa, na kwa kijivu gari halitoki. Hapinesi anahamishwa, barua imeshafika. Atakayekuja badala yake ni mmoja wenu, na hatamjua Leokadia kwa sura.

Utamtambua kwa kukaa kimya. Zima kioo, kitoe nje ya chumba kabisa. Usimwulize swali lolote kuhusu mtoto, hata la heri, wala usimbembeleze aseme. Zungumzeni mvua, bei ya mahindi, chochote. Kaa naye hadi wewe mwenyewe umsikie mtoto, na kama ni nusu siku, iwe nusu siku. Sikstus ameacha safari za Kipili; pikipiki iko nyumbani, imejaa mafuta, na namba yake Hapinesi ameiandika ukutani nyuma ya mlango. Ukihisi jambo, usimwambie Leokadia. Toka nje, mpigie Sikstus, mwambie alete pikipiki. Hatakuuliza kwa nini.